Wenzetu wanamkamua samaki mayai halafu wanamwachia aende zake, hivi kwa kambare wetu inawezekana?

Mama Mabwawa wa Mingoyo

Habari zenu wana kusini wenzangu, shikamooni wakubwa. Naomba mnisome mpaka mwisho maana nimeandika refu na swali lenyewe liko huko chini.

Mwaka huu mwezi wa nne nilikwenda Marekani kumsalimia mdogo wangu, yuko jimbo la Minnesota, kule juu karibu na Kanada. Nilijua mwezi wa nne baridi imeisha, kumbe wapi, nimefika nakuta ziwa bado lina barafu sehemu sehemu na mimi nimebeba vitenge na kandambili. Siku moja wifi yangu akaniambia dada wewe si unafuga samaki, twende kaskazini ukaone kitu. Tukaendesha kama saa nne hivi mpaka kwenye mto mmoja unaitwa Pike, unaingia kwenye ziwa Vermilion.

Sasa pale kuna samaki wao mmoja wanamwandika walleye, wanamtamka wolai, ndo samaki wa jimbo lao tangu 1965, yani kama sisi twiga. Macho yake yanawaka ukimmulika na tochi usiku kama ya paka, wifi anasema nyuma ya jicho ana utando unaorudisha mwanga ndo maana anawinda gizani. Barafu ikishaanza kuyeyuka tu, maji bado ya baridi kiasi kwamba mimi nilitia kidole nikakitoa, huyu samaki anatoka ziwani anapanda mtoni kutaga kwenye changarawe. Madume yanatangulia, majike yanafuata nyuma, na wanatembea zaidi usiku.

Basi watu wa Idara ya Maliasili ya jimbo wameweka mitego ya nyavu pale mtoni, asubuhi wanakuja wamevaa yale magwanda ya mpira yanayofika kifuani, wanachota samaki kwa nyavu za mkono. Na watu wamejaa wanaangalia! Wazee, watoto, wana vikombe vya kahawa mkononi, kama wamekuja kwenye ngoma. Hakuna kiingilio wala nini, unasimama hapo unauliza maswali na wanakujibu huku wanafanya kazi.

Wanamgusa jike tumboni. Kama tumbo gumu bado, anatiwa kwenye kizuizi majini asubiri siku mbili tatu. Kama amelainika, mmoja anamshika mkia mwingine anapitisha mkono tumboni toka mbele kuja nyuma, pole pole kama unavyokamua tui, na mayai yanamiminika kwenye beseni. Rangi ya manjano yaliyopauka, madogo kama uwele. Jike wa kilo mbili anabeba mayai laki moja na ushei jamani! Halafu wanachukua dume, wanamkamua hivohivo, inatoka nyeupe kama tui la kwanza. Na hawatumii dume mmoja, wanachanganya ya madume kadhaa. Beseni likiwa KAVU kabisa, hilo nilishangaa, maji yanatiwa baadaye, af mtu anakoroga na unyoya wa ndege. Unyoya! Nikasema hawa wana mashine za kwenda mwezini wanakorogea unyoya. Nikaambiwa mwiko ungeyapasua.

Baada ya hapo wanatia udongo laini wa mfinyanzi uliokorogwa na maji, maana mayai yale yana gundi yanashikana mabonge, ule udongo unatoa gundi. Wanasafisha wanasafisha, yanakwenda kwenye chupa kubwa za kioo zimepangwa ukutani, maji yanaingilia chini yanapanda juu mayai yanacheza cheza humo kama mchele unaochemka. Lakini hayachemki, ni baridi. Wiki tatu hivi ndo yanatotoa, kutegemea joto la maji.

Na yule mama samaki? Anarudishwa majini anaondoka zake. Nilimwona kwa macho yangu anapiga mkia huyoo.

Sasa swali langu. Mimi nina mabwawa mawili hapa bonde la Mingoyo, nafuga kambare na perege kidogo. Mwaka jana niliagiza vifaranga 500 vya kambare toka mbali, vikaja na basi kwenye mifuko, waliofika hai hawazidi 180, na aliyeniuzia simu yangu hapokei tena mpaka leo. Kambare wangu wenyewe sasa hivi majike matumbo yamejaa mayai yananing'inia lakini hawatagi, mwaka mzima. Je na mimi naweza kuwakamua hivohivo kama wale? Na yule jike na dume nikawarudisha bwawani wazima? Kuna mtu huku Lindi Mtwara anafanya hii kazi? Msinicheke.

---

Kibibi cha Shangani

Dada mimi nimekwama kwenye mayai laki moja 😂 kwetu hayo ni ya kukaanga na kitunguu, nani anayatia udongo

---

Fundi Vifaranga

Dada Mama Mabwawa swali lako zuri sana na hakuna wa kukucheka, mimi nazalisha vifaranga mwaka wa sita sasa, niko njia ya kwenda Mtama. Nikujibu kwa kirefu.

Kwanza hilo la beseni kavu ndo siri ya kazi yote. Mbegu za dume wa samaki zimelala, zinaamka zikigusa maji tu, na zikishaamka uhai wake haufiki hata dakika moja na nusu, zinachoka zinakufa. Yai nalo lina kitundu kimoja kidogo sana cha mbegu kuingilia, likishanyonya maji kile kitundu kinaziba. Kwahiyo ukitia maji mapema umepoteza vyote viwili. Unachanganya kavu kwanza, mbegu zienee kila mahali, halafu maji, ndo mbio zinaanza zote kwa pamoja. Kwa kambare ni hivyohivyo kabisa, hata kama mkono wako una maji ufute. Mimi nimewahi kuharibu jike zima kwa sababu ya kijana aliyekuja kunisaidia mkono unachuruzika.

Pili, tofauti kubwa. Yule wolai anakuja mtoni AMESHAIVA mwenyewe. Baridi ndefu ya kwao, siku zinaanza kurefuka, maji yanapata joto kidogo, mwili wake unapata habari kwamba wakati umefika na mayai yanaachia. Wale jamaa kazi yao ni kumsubiri mlangoni tu. Kambare wako wa bwawani hajapata habari yoyote. Kambare kwa asili anasubiri mafuriko, mvua kubwa, maji mapya yanapanda kwenye nyasi za bondeni, hapo ndo anaachia. Bwawani maji ni yaleyale, kina ni kilekile, kwahiyo anatengeneza mayai anajaa anakaa nayo. Ukimkamua saiv hivyohivyo utatoa damu na mayai yasiyoiva na utamuua. USIJARIBU.

Ndo maana sisi tunachoma sindano. Ama homoni ya dukani, ama tezi ndogo iliyoko chini ya ubongo wa kambare mwingine, unaitoa unaisaga kwenye maji ya dripu unamchoma kwenye mnofu wa mgongoni. Tezi ya kambare mmoja inatosha jike wa uzito uleule. Maji ya huku kwetu yana joto, kwahiyo mimi nachoma saa tatu usiku, asubuhi saa moja jike yuko tayari, ukimgusa tu yanatoka yenyewe, rangi ya kijani iliyochanganyika na kahawia. Kama unalazimisha kusukuma ujue bado, mpe saa moja nyingine. Gramu moja ya mayai ni kama 600 mpaka 700, sasa piga hesabu jike wa kilo moja akitoa hata gramu 100.

Tatu, na hapa utasikitika. Jike anarudi bwawani mzima, ndio, mimi nina majike nimewakamua mara nne tano. Lakini dume wa kambare HAKAMULIKI. Maumbile yake ya ndani hayaruhusu, unaweza kumminya mpaka jioni usipate hata tone. Inabidi umpasue utoe zile korodani mbili, uzikatekate na wembe, uchuje, uchanganye na maji ya dripu, au chumvi gramu 9 kwenye lita moja ya maji safi. Kwahiyo dume anakufa. Wolai anapona wote wawili, kambare mama peke yake.

Mengine tutaongea, ukitaka nipigie nikija Mnazi Mmoja siku ya soko.

---

Mama Mabwawa wa Mingoyo

Uwii Fundi asante sana, yani mimi wiki iliyopita nilikuwa nimeshaweka beseni jua likiwaka nataka kuanza kuminya. Mungu kaniokoa mimi, na jike pia.

---

Mzee wa Kitaya

Wanangu marahaba wote. Nami niseme kidogo ingawa sijui mambo ya sindano.

Mimi nimekulia Rovuma. Hicho alichokiona binti yangu huko Marekani, samaki kupanda kwenda kutaga, kwetu kilikuwepo na kipo, ila sisi hatukusimama na vikombe vya kahawa. Mvua za kwanza kubwa zikishuka, mwezi wa kumi na mbili au wa kwanza, mto unavuka kingo maji yanaingia mabondeni kwenye mashamba ya mpunga, basi usiku wake kambare anapanda. Unamsikia. Maji yako kwenye enka na yeye anakata nyasi zinatikisika, anatembea kwa mbavu kama nyoka, na akiwa wawili wawili wanajikunja wanapigana mikia. Babu yangu alikuwa anazima koroboi anasema nyamazeni msikilize.

Na kesho yake asubuhi kijiji kizima kimebeba migono. Tunaziba mfereji kwa uzio wa matete, tunaacha mlango mmoja, mgono unakaa mlangoni, samaki anaingia hatoki. Wote wana mayai. Mama zetu walikuwa wanafurahi maana mchuzi wa mayai ya kambare na nazi ni kitu kingine. Hatukujua kama ni kosa, na samaki walikuwa wengi, na wakati huo njaa ya masika si ya kuchekea, ghala limeisha na mpunga haujachanua.

Sasa shida ilianza watu walipozidi. Wengine wakatia utupa kwenye madimbwi, unajua ule mti, unatwanga majani unamwaga, samaki wote mkubwa na mdogo wanaelea. Wengine wakaja na vyandarua. Mgono una matundu, mtoto wa samaki anapita. Chandarua hakina huruma. Nilipokuwa kijana mgono mmoja nilikuwa siwezi kuubeba peke yangu, saiv mjukuu wangu anarudi na samaki watano anaringa.

Kwahiyo nikisoma hii habari naona hata wale nao wanasimama mlangoni palepale, wanaziba mto palepale tulipoziba sisi. Tofauti ni kinachofuata.

---

Mtoto wa Ligula

Mimi nina swali la uchokozi. Huyo wolai si anataga mwenyewe? Sasa serikali kuajiri watu kuvaa mipira wakamkamue kazi ambayo angefanya bure, si kupoteza hela hizo? Huku tungesema ulaji.

---

Mama Mabwawa wa Mingoyo

Hata mimi nlimuuliza yule kijana wa kwenye mtego swali hilohilo, wifi akatafsiri. Akacheka akasema kweli, katika kila wolai 100 wanaovuliwa jimboni kama 85 ni waliozaliwa wenyewe kwenye maji ambako wanazaliana bila msaada wa mtu. Hii kazi ni ya yale maziwa mengine ambayo hayana mto wa kupanda wala changarawe, huko usipompeleka hayupo. Wana maziwa zaidi ya elfu kumi wale, ndo jina lao la utani.

Af wolai halindi mayai yake. Anamwaga juu ya mawe anaondoka, mengi yanaliwa na samaki wengine, mengine yanafunikwa na tope, upepo ukivuma unayatupa ufukweni. Kwenye chupa yanatotoa zaidi ya nusu. Na yule kijana akasema sehemu ya vifaranga lazima irudishwe kwenye ziwa lilelile walikotoa mayai, hawachukui vyote. Na wakati huo wa kutaga kumvua ni marufuku, msimu unafungwa mwezi wa pili mwishoni unafunguliwa mwezi wa tano katikati. Wifi anasema siku ya kufungua ni kama Idi, hata wakubwa wa jimbo wanakwenda na ndoano.

---

Mtoto wa Ligula

Sawa nimekubali. Ila kwa hiyo perege nao mbona hamjawataja, wanakamuliwa?

---

Fundi Vifaranga

Perege hana haja anjomba. Perege jike anabeba mayai yake mdomoni mpaka yanatotoa, na vifaranga wakiogopa wanarudi mdomoni. Anataga machache kwa sababu anayalinda. Kazi ya perege ni kumzuia asizae sana, bwawa linajaa vidagaa huna wa kuuza. Kila samaki na tabia yake, anayelinda anataga kidogo, asiyelinda anamwaga laki.

---

Mlinda Kasa Msimbati

Hodi hodi. Mimi sio mtu wa mabwawa niko baharini, ila hii mada imenigusa kwa sababu tumefanya kazi ya mayai miaka mingi huku kwenye hifadhi ya bahari ya ghuba ya Mnazi na maingilio ya Rovuma, ile iliyoanzishwa mwaka 2000.

Kwetu ni kasa. Anapanda ufukweni usiku anachimba anataga mayai kama mia na kitu anafukia anarudi baharini, halindi naye. Tatizo wengine wanataga chini sana, bamvua likija maji yanafunika kiota mayai yanaoza. Hapo ndo tunayahamisha. Unachimba kwa mkono, unayahesabu, unayapeleka juu unayafukia kwa kina kilekile. Na huku ni kinyume cha huyo wolai wenu wa kukorogwa na unyoya, yai la kasa HALIGEUZWI. Saa chache baada ya kutagwa kile kiini kinajishika juu ya ganda, ukiligeuza kinakufa, kwahiyo ni mbio usiku uleule na unalibeba kama lilivyolala, juu ibaki juu. Baada ya hapo miezi miwili hivi unasubiri.

Vifaranga wakitoka kiotani watu wanakuja kuangalia, tena wanatoka mbali. Ila ukitaka kujua kazi ngumu iko wapi sio kuhamisha mayai, ni kumwambia jirani yako ambaye amekula mayai ya kasa tangu utoto kwamba saiv basi. Nimeshaitwa kila jina. Mjomba wangu mwenyewe hakunisemesha msimu mzima wa korosho, na alikuwa ananidai.

Mzee wa Kitaya nimekuelewa sana.

---

Mwalimu toka Bukoba, saiv Masasi

Naomba niongeze la nyumbani kwetu maana linaendana na la Mzee. Ziwa Victoria tulikuwa na samaki anaitwa ningu. Huyu ndo wolai wetu hasa, maana anaishi ziwani, mvua zikinyesha anapanda mito, Kagera na mingine, anataga kwenye maji ya mafuriko pembeni. Wazee wetu walikuwa wanamvua kwa mitego kama hiyo migono na alikuwa samaki wa heshima, mgeni akija ni ningu.

Zikaja nyavu za makila, zile zinazomnasa samaki mashavuni, zikatandwa midomoni mwa mito kipindi kilekile anapanda na mayai yake. Hata anayetaka kupita usiku anakuta ukuta. Miaka ya 1960 ilipofika ameshakuwa adimu, na hapo sangara hata hajashamiri, kwahiyo tusimsingizie sangara kila kitu. Mimi mwenyewe mpaka nakuwa mtu mzima nimemla ningu mara za kuhesabu.

Wenzetu wa Uganda kule Kajjansi wamekuja kumzalisha kwa homoni, wanamchoma wanamkamua kama Fundi anavyoeleza. Ni jambo jema, ila ni kumtafuta samaki baada ya kummaliza. Hao wa Minnesota naona walianza angali yupo.

Mtoto wa Ligula umeuliza mbona serikali inahangaika, ndo hivyo.

---

Anjomba wa Rutamba

Watu mnaongea kama huku hakuna chochote. Kituo cha serikali cha ukuzaji viumbe maji kipo Nyengedi hapohapo Lindi, na chuo cha uvuvi FETA kina kampasi Mikindani. Dada kabla ya kununua sindano nenda ukaulize kwanza, kuona kwa macho ni tofauti na kusoma humu. Ukienda ubebe na sampuli ya maji yako.

---

Mama Mabwawa wa Mingoyo

Nyengedi nitakwenda, asante anjomba. Nimepita pale mara mia nikienda msibani na sikuwahi kuingia.

Fundi sasa niambie ukweli, mayai yakishatotoa ndo nimemaliza au ndo naanza?

---

Fundi Vifaranga

Ndo unaanza dada, hata usijidanganye.

Kwanza kutotoa kwenyewe. Wolai wiki tatu, kambare kwa joto letu ni siku moja, siku moja na nusu ukichelewa. Ukikamua asubuhi ya leo, kesho mchana wanatikisika. Mayai yana gundi kama ulivyoona kule, wao wanaitoa kwa udongo kwa sababu kwenye chupa lazima yazunguke, sisi tunaiacha, tunayatandaza kwenye kipande cha neti ndani ya tanki yakae safu MOJA tu, yakipandana ya chini yanakosa hewa yanakufa. Yaliyokufa yanageuka meupe yanaota ukungu, na ukungu unahamia kwa wazima. Kwahiyo vifaranga wakishatotoa wakaanguka chini ya tanki, toa ile neti haraka na uchafu wake wote.

Siku tatu hawali, wana kiini chao cha tumboni. Wanajibanza kwenye giza pembeni, usishtuke. Siku ya nne wanaanza kutafuta na hapo ndo wengi wanapofia, kwa sababu pumba zako hazina maana yoyote kwao, mdomo ni kama ncha ya sindano. Wanataka vijidudu hai vya majini. Mimi natengeneza dimbwi la samadi ya kuku wiki moja kabla, maji yakigeuka kijani yanajaa vijidudu, nachota kwa kitambaa cha kanga nzee nawamwagia. Wenye hela wananunua mayai ya atemia ya kopo, vijidudu vidogo jamii ya kamba, wanatotolesha kwenye maji ya chumvi.

Halafu wanakulana. Hii watu hawasemi wanapokuuzia. Baada ya wiki mbili utaona wachache wamekuwa wakubwa ghafla, hao wamekula ndugu zao. Watenge kila wiki, wakubwa kwao wadogo kwao, la sivyo utaanza na elfu kumi utabaki na mia tatu walionenepa.

Na umeme. Mwaka juzi nilikuwa na tanki limejaa siku ya tano, hawajaanza kuvuta hewa juu kama wakubwa, umeme ukakatika saa nane usiku mashine ya hewa ikazima. Mimi na mke wangu na watoto tulikoroga maji kwa vikombe mpaka alfajiri, tunachota tunamwaga toka juu, tunachota tunamwaga. Tuliokoa kama nusu. Mtoto wangu wa mwisho alilala amesimama na kikombe mkononi.

Kwahiyo anza kidogo. Jike mmoja, dume mmoja. Siku moja kabla usiwalishe, na kila mmoja akae peke yake maana wakiwa na mayai wana hasira wanaumana. Jike chagua tumbo laini, dume angalia kile kidude cha nyuma kiwe kirefu chekundu kwenye ncha.

---

Mzee wa Kitaya

Huyu Fundi anajua. Mtoto wake apewe baiskeli.

---

Kibibi cha Shangani

Nimesoma yote na mayai yangu ya kukaanga nimeyaacha kwenye sahani yamepoa jamani 😭

---

Mama Mabwawa wa Mingoyo

Nimeamua. Nyengedi Jumatatu, nikirudi naanza na jike mmoja yule mwenye kovu, na beseni nalifuta mara tatu. Unyoya ninao wa bata, naona nitaunyofoa leoleo kabla hajajua. Picha nitaweka.

Ila Fundi swali la mwisho na sio langu, mume wangu amekaa hapa pembeni anasoma, anauliza yule dume akishapasuliwa tukatoa hizo korodani, nyama yake inaliwa au inatupwa?

---

Fundi Vifaranga

Kama dume hukumchoma sindano inaliwa, na hana haja ya kuchomwa. Mwambie shemeji aandae nazi.